Nilivyoipukuchua Pikipiki ya Baba

Niseme mapema ili tusisumbuane: pikipiki niliipukuchua mimi. Sikuivunja, sikuiiba, sikuiangusha. Niliipukuchua kama mahindi, punje baada ya punje mpaka likabaki gunzi, na gunzi lenyewe nikalitia jikoni likaivisha makande. Kama kuna mtu mwingine nchi hii aliyewahi kufanya hivyo, ajitokeze tuunde chama. Uenyekiti ni wangu, hatupigi kura.

Nilikuwa nimeshasahau. Kisha wiki iliyopita hapa shuleni mpishi wetu akaegesha beseni la plastiki karibu mno na moto, nalo likaanza kuyeyuka. Moshi mweusi ukaingia mpaka darasani. Kidato cha nne kizima kikaziba pua, mwalimu wa zamu akatoka mbio akidhani bweni linaungua, na mimi nikabaki dirishani navuta pumzi taratibu, kama mtu anayepita mbele ya kibanda cha chipsi hana hata mia.

"We chalii, umechanganyikiwa?" jirani yangu wa dawati akaniuliza.

"Acha," nikamwambia. "Hiyo ni harufu ya nyumbani."

Akasogeza dawati lake mbali kidogo nami. Simlaumu.

Naitwa Safari. Kwetu Karatu, kwa Wairaqw, hilo ni jina la kawaida kabisa: mama yako akijifungua akiwa njiani, unalo. Mimi nilizaliwa kwenye lori la vitunguu likitoka Endamarariek, na mpaka leo Mama akinikasirikia husema ni bora wangenishusha sokoni pamoja na mzigo. Baba naye, kwa sababu yangu, akawa Baba Safari. Na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwapeleka watalii kuangalia wanyama, jina lilimkaa kama shati la kushonesha. Mwenyewe alijiita gaidi, kama wanavyojiita wote wanaowaongoza wageni mjini kwetu. Nikiwa chekechea mwalimu aliuliza baba zetu wanafanya kazi gani, nikasimama nikatangaza kwa sauti, "Gaidi!" Mwalimu alikuwa amehamia juzi tu kutoka pwani. Alichuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna silaha. Nikamwambia ipo darubini.

Basi. Mgeni wa mwisho wa Baba alikuwa mzee mmoja wa Kizungu ambaye tembo akipita alitazama pembeni, lakini kofia ya injini ya gari ikifunguliwa alishuka mbio na kamera. Walielewana sana. Siku ya kuondoka alitakiwa kupanda kindege kidogo kwenda Serengeti, na vile vindege vinapima mizigo kama dukani wanavyopima sukari, mzigo ukizidi kidogo unabaki. Mzee akabaki akichagua nini aache. Akaacha buti, akaacha mafuta ya kujikinga na jua yaliyofika nusu chupa, akaacha na boksi moja bapa lenye picha ya pikipiki ya mashindano imelala kwenye kona, dereva wake goti linakaribia kuigusa lami. Ndani yake kulikuwa na pikipiki hiyo hiyo, ndogo, ya plastiki, katika vipande, ya kuunda mwenyewe.

"Amesema ni ya kijana wangu," Baba alisema akiliweka juu ya kabati. "Usiliguse. Tutaiunda wote, msimu ukiisha."

Msimu uliisha wiki ile ile. Mnakumbuka, mlikuwa wadogo kama mimi: ugonjwa ule, ndege zikaacha kuja, shule zikafungwa tukashangilia kama wajinga. Karatu ikawa mji wa ajabu. Magari ya watalii yaliegeshwa kwenye yadi, yameshikamana mstari mmoja, yakiota vumbi jekundu mpaka huoni rangi. Kina dada wa hoteli walirudishwa makwao. Baba alirudisha funguo za gari ofisini, akaja nyumbani kwa miguu, akachukua kile kiti chetu cha plastiki chenye mguu uliopasuka, akakiweka ukutani kuelekea barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Akakaa.

Na alikaa kweli. Kila asubuhi, ukungu haujapanda, alipiga buti zake rangi, akavaa shati la kaki, akatundika darubini shingoni, akatoka kwenda kazini. Kazini palikuwa kwenye kiti. Mimi nilidhani anawachungulia wageni kwa mbali ili wakitokea awe wa kwanza kuwaona. Niliona ni mbinu nzuri. Sikujua kwamba mtu anaweza kutazama barabara kwa sababu tu hana pa kupeleka macho.

Vijana wa bodaboda walipita wakipiga honi. "Baba Safari! Leo safari ya wapi?" Hapo mwanzo aliwajibu. Baadaye aliinua mkono. Baadaye hata mkono ukawa mzito.

"Huyu mtu ataota mizizi pale," Mama alimwambia Bibi jikoni, akidhani mimi sisikii. "Afadhali angekuwa analewa, ningejua namgombeza kwa lipi." Sauti yake ilikuwa na kitu nilichokuwa sijawahi kukisikia. Mama yangu ni mtu wa kelele, ana saluni, kelele ni sehemu ya biashara. Siku ile aliongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kuanzia hapo na mimi nikawa na shida moja tu duniani: Baba ainuke kwenye kile kiti.

Mjomba Lohay, kaka yake Mama, alijaribu. Alikuja kutoka shambani na gunia la mahindi kwenye pikipiki yake, chombo kilichojaa tope kiasi kwamba nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akijua rangi yake halisi. Akashusha gunia, akajipangusa, akaketi mbele ya Baba.

"Shemeji, hii chuma msimu huu sina kazi nayo, nipo shambani muda wote. Ichukue upige boda."

"Lohay, mimi nimebeba mabalozi."

"Wako wapi?"

Baba akafunga upya kamba ya buti.

"Nakuuliza, wako wapi hao mabalozi, tuwabebe kwa boda?"

"Yaani mimi," Baba akasema, "mimi na shati hili, nibebe mtu na kuku wake?"

"Kuku ni abiria mzuri. Halalamiki barabara wala haulizi simba yuko wapi."

Mimi nilicheka. Baba hakucheka. Akainua darubini akatazama barabara, na hiyo ilikuwa namna yake ya kusema kikao kimefungwa. Mjomba akanipiga kikofi kichwani cha kuniaga, akaondoka na tope lake.

Gunia lile la mahindi ndilo lililoniponza. Bibi alianika mahindi uani, tukakaa kupukuchua. Bibi ana sheria zake: hupukuchui kidogo ukaenda kucheza. Unapukuchua yote, unayaweka kwenye ungo, ndipo unakaa unachagua, na magunzi unayarundika pembeni ya jiko maana yanawaka vizuri kuliko kuni. Mimi vidole viliniwaka moto, nikaomba ruhusa ya kunywa maji, nikaingia ndani. Boksi lilikuwa juu ya kabati likinitazama.

Sikukusudia kulifungua. Nilitaka kusoma tu. Nikapanda stuli, nikalishusha, nikasoma ubavuni. Maneno mengi yalikuwa ya Kizungu, lakini palikuwa na kitu ambacho nilikielewa vizuri sana: 1/12.

Hapa lazima nieleze, maana wengine mtanicheka kabla ya wakati. Mizigo ya saluni ya Mama, mafuta, rasta na dawa za nywele, ilikuwa inatumwa na basi kutoka Arusha. Kila boksi limeandikwa kwa kalamu nene: 1/3, 2/3, 3/3. Mimi ndiye niliyetumwa kuyapokea, na Mama alinifundisha kwa ukali: "Ukiona moja ya tatu, husaini, huondoki, hunywi soda, mpaka umeona mbili na umeona tatu. Moja ya tatu peke yake ni wizi." Kwa hiyo niliposoma 1/12 nikajua papo hapo kilichotupata. Tumepokea boksi la kwanza. Yako mengine kumi na moja, na yapo njiani.

Nililifungua ili nihakikishe. Ndani kulikuwa na vitu vidogo, vidogo mno, pikipiki nzima ya kukaliwa na chura. Nilishangaa dakika moja, kisha nikapata jibu, maana nilikuwa mtoto mwenye akili nyingi zisizo na breki. Ni kama viatu! Namba moja ni cha mtoto mchanga, namba mbili kinaongezeka. Boksi la kwanza ni la kujifunzia. Ukimaliza unaletewa la pili, kubwa kidogo, na la tatu, mpaka la kumi na mbili ambalo sasa unapanda. Na atakayeleta ni nani? Wageni. Ndiyo maana hawaji! Watakujaje na namba mbili wakati sisi namba moja tumeiweka juu ya kabati na Baba amekaa?

Nisingeweza kumwambia Baba, maana alishanikataza kuligusa. Ilibidi kazi ianze. Na vipande vilikuwa vimeshikamana kwenye fremu za plastiki, kila kimoja kimening'inia kwa kikonyo chake, safu kwa safu. Mtu aliyekuwa anapukuchua mahindi tangu asubuhi akiona kitu kama kile, mikono yake haimuulizi. Nikachukua ungo. Nikapukuchua. Vilitoka kwa mlio mtamu, tk, tk, tk, vyote, injini, ekzozi, mikono ya breki, vinyuzi vya rimu, mpaka fremu zikabaki tupu. Nikaona nimefanya kazi safi. Nikatoka na fremu zangu, nikazitia jikoni chini ya sufuria.

Moshi ulipanda mweusi ti, ukajaa jikoni, ukatoka uani, ukamfunika Bibi na mahindi yake. Mama alitoka saluni akikimbia na kitana mkononi.

"Safari! Umetia nini jikoni?"

"Magunzi, Mama."

"Magunzi gani yananuka tairi?"

"Ya pikipiki."

Bibi akahamia Kiiraqw. Bibi akihamia Kiiraqw ujue kesi imeshapelekwa mahakama ya juu. Mama akachukua mwiko, mimi nikachukua kona ya ukuta, na ndipo nilipomwona Baba. Alikuwa amesimama. Katikati ya mchana, kiti kiko nyuma yake, tupu, yeye amesimama mlangoni anautazama ungo.

Akachukua kile kijitabu cha maelekezo. Akasoma. "Chukua kumi na nne, gundisha na ishirini na saba." Akatazama ungo. Akachukua kipande, akakigeuza. "Namba ziko wapi?"

"Zilikuwa kwenye gunzi," nikasema.

"Na gunzi?"

Wote tukatazama sufuria ya makande.

"Kwa nini hukuningoja?" Baba akauliza. Hakuuliza kwa hasira, na hilo liliniuma zaidi, nikaanza kulia na kuongea kwa pamoja. Nilimwonyesha boksi. Nikamwambia imeandikwa, moja ya kumi na mbili, hii ni ya kwanza tu, tukimaliza wanaleta ya pili, wageni wanatungoja sisi, "na wewe umekaa tu, Baba, sasa watajuaje kama tumemaliza?"

Mama alishusha mwiko. Baba alitazama ile 1/12 kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa Kiingereza chake, amesoma vitabu vya magari na vya ndege wa porini, alijua vizuri sana ilimaanisha nini. Mimi nilikuja kujua kidato cha pili, siku mwalimu wa jiografia alipofundisha kipimo cha ramani. Kumbe ni kwamba pikipiki halisi ni kubwa mara kumi na mbili ya ile. Basi. Nilicheka mpaka nikatolewa nje, na huko nje nikagundua sicheki tena.

"Kumbe ndivyo," Baba alisema.

"Ndivyo."

"Basi lete stuli. Mama Safari, tunaomba meza yako."

Makande ya siku ile yalinuka tairi na tuliyala yote, maana kwetu chakula hakitupwi. Ndiyo ile harufu niliyokuwa naivuta dirishani.

Bila namba, kazi ile ilikuwa wazimu. Kijitabu kinakuonyesha picha ya kitu kama kucha ya paka, na kwenye ungo kuna kucha za paka kibao. Aliyetuokoa ni Bibi, aliyekuwa bado ananinunia. Alipita, akachungulia, akasema, "Nyie mnachambuaje? Hivyo ndivyo mnavyochambua maharage?" Akavuta ungo magotini. Hakuwa anajua injini wala breki. Alipanga kwa sura: vyenye tundu huku, vilivyopinda huku, pacha na pacha wake. "Hawa ni mtu na ndugu yake. Huyu ana kigimbi. Huyu ni utumbo." Utumbo ulikuwa ekzozi. Mpaka leo nyumbani kwetu ekzozi inaitwa utumbo, hata fundi wa gari tulimchanganya.

Baba naye alianza kuongea. Akishika kipande anasema kazi yake: hii ni shokapu, bila hii ukipita Endamarariek meno yanabaki barabarani. Hii ni sahani ya breki. Halafu kipande kinamkumbusha tope la kreta, siku gari lilipozama hadi mlangoni na wageni wakaimba nyimbo za Krismasi ili simba aliyelala karibu asiwasogelee, na simba akaondoka, nadhani kwa sababu ya sauti. Nilikuwa sijasikia Baba akisimulia tangu arudishe funguo. Mama saluni kwake hakukuwa na wateja, akawa anapita pita kuchukua vitu ambavyo havikuwepo, ili asikie.

Gundi iliunganisha kila kitu, pamoja na kidole gumba cha Baba na kile cha shahada. Alikula ugali siku nzima kwa mkono ulioonekana kama unabariki watu.

Ikaja rangi. Kwenye picha pikipiki ilikuwa ya bluu na nyeupe, ila rangi haikuwemo ndani ya boksi. Nikasema saluni zipo. Wateja wa rangi ya kucha walikuwa wale dada wa hoteli, wameondoka, na vichupa vilikuwa vinakauka kwenye rafu. Mama akatukabidhi nyekundu. "Hiyo ndiyo ninayo nyingi. Mkimwaga kwenye kitambaa cha meza mtanijua."

Sijui kama mmewahi kumwona mwanamume aliyezoea usukani wa gari la watalii akishika kile kiburashi cha rangi ya kucha. Alizuia pumzi. Ulimi ulitoka upande. Kwanza akaijaribu rangi kwenye ukucha wake wa kidole gumba, akaukagua juani, akasema, "Nzito. Tupake mara mbili." Ukucha akausahau.

Mimi nilipewa tangi la mafuta, cheo kikubwa. Nikaweka tone, tone likawa ziwa, ziwa likatiririka. Nikaogopa. Nikakumbuka Mama akikosea rangi ya mteja huifuta kwa asetoni. Nikachukua pamba, nikatia asetoni, nikasugua kwa bidii ya mtoto mwenye hatia. Rangi ilitoka. Halafu na tangi likaanza kutoka. Plastiki ililainika kama pipi mdomoni, kidole changu kikazama, na nilipokiondoa alama yake ikabaki pale, mistari yote, kama nilikuwa nimeenda kituoni kuchukuliwa alama za vidole.

Niliweka lile tangi mezani mbele ya Baba, nikafumba macho.

Nikafumbua jicho moja. Baba alikuwa amelishika juani, mabega yanatikisika, nikadhani analia, nikataka kumwita Mama. Kumbe anacheka. Alicheka bila sauti, kisha na sauti, kisha akalaza kichwa mezani.

"Hii sasa," alisema akipangusa macho, "imeshaanguka. Pikipiki ya mashindano isiyowahi kuanguka ni ya kudanganyia watu."

Mama alitokea mlangoni. Hakuuliza kuna nini. Alisimama tu ameshika pazia.

Mjomba Lohay alifika siku hiyo hiyo, na macho yake hayakukosea, yalienda moja kwa moja kwenye kidole gumba.

"Shemeji! Kusuka umeanza lini?"

"Kaa kwenye foleni," Baba akamjibu. "Kichwa kama hicho chako kina kazi."

Walicheka wote, na Mjomba, kwa mara ya kwanza, hakutaja boda. Lakini alipotaka kuondoka, Baba alimsindikiza, na badala ya kumpa mkono akachuchumaa karibu na ile pikipiki ya tope, akaishika cheni kwa ule mkono wenye ukucha mwekundu.

"Cheni yako imelegea," alisema.

"Najua."

"Unaendeshaje kitu hivi, Lohay?"

"Mimi mkulima. Nipe mtu anayejua."

Mara hii Baba hakuiinua darubini.

Tulimaliza. Stika zake zilikuwa za kuloweka kwenye maji, zinateleza kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa, tukazibandika kwa kibanio cha nyusi cha Mama. Ilikaa juu ya kabati, nyekundu ya saluni, imeinama kidogo upande kama mtu aliyelala vibaya, na kidole changu kwenye tangi. Sitaki kujisifu. Ilikuwa mbaya na ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote duniani.

Asubuhi yake nilienda ofisi ya mabasi kuulizia mzigo.

"Wa Mama Safari?" karani aliuliza.

"Wa Baba Safari. Namba mbili. Unatoka Ulaya."

Akatazama chini ya meza yake kwa heshima zote. "Kijana, Ulaya yetu sisi inaishia Arusha."

Nilienda tena na tena. Akawa akiniona tu anatikisa kichwa kutoka mbali. Na Baba alirudi kwenye kiti. Hakukaa kama zamani, alikuwa akiinuka, anazunguka, anakaa, lakini kwangu kiti kilikuwa kiti. Nilianza kufikiri labda kosa ni lile tangi. Labda wameona picha, wakasema huyu mtoto ameyeyusha ya kwanza, ya pili hatumpi.

Halafu siku moja nikaamka kiti hakina mtu. Shati la kaki halipo kwenye msumari. Darubini ipo, imening'inia peke yake. Nilimtafuta chooni, nikamtafuta bandani, nikamuuliza Bibi, akasema, "Baba yako ni mtu mzima, hapotei." Mama alikuwa saluni anapanga vichupa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Alikuwa ameweka sikio barabarani, nilimwona.

Nikafanya nililoweza. Nikatundika darubini shingoni, nikakaa kwenye kiti cha Baba. Mtu lazima awepo pale, nilifikiri, wasije wakapita na boksi wakakuta hakuna wa kupokea. Nikakaa mpaka jua likaanza kuelemea upande wa mlima Oldeani. Kuna muda niliigeuza darubini kinyume, mimi hupenda kuona vitu vikiwa vidogo, na barabara yote ikawa uzi mwekundu, watu kama punje.

Ndipo nikaiona. Mwisho wa uzi, ndogo kabisa, nyekundu, mtu amekaa juu yake amenyooka. Ilikuwa namba moja yetu, sawasawa, ile ya juu ya kabati! Ila ilikuwa inatembea. Na kadiri ilivyokuja ilikuwa inakua. Ikawa namba mbili. Ikawa namba tatu, namba nne, sikuondoa darubini machoni, ikaja inakua namba kwa namba na muungurumo wake unakua nayo, mpaka nikashusha darubini na namba kumi na mbili ilikuwa inakata kona kuingia uani kwetu.

Baba alikuwa amevaa shati lake la kaki, buti zinang'aa. Nyuma yake alikuwa amebeba mama mmoja mwenye kuku wawili mapajani, akamshusha kwa adabu, akamshika mkono kama alivyokuwa anawashusha wageni kwenye gari, "Karibu tena, mama," akasema, na yule mama akasema hajawahi kuendeshwa taratibu hivi na hata kuku wamelala. Pikipiki ilikuwa imeoshwa tope lote ikatoka nyekundu ambayo hakuna aliyejua ipo. Kwenye tangi, mikwaruzo yote ilikuwa imezibwa, na nilipoisogelea nikasikia harufu: rangi ya kucha.

Niliizunguka. Nilitafuta alama ya kidole changu nisiione, nikajua wenyewe waliotuma wameirekebisha. Nikakimbia mpaka mlango wa saluni, ambapo Mama alikuwa amesimama ameshika pazia kwa mikono miwili, macho yake hayaniangalii mimi, yanamwangalia Baba anavyovua kofia ngumu na kuipangusa vumbi kwa mkono wa shati, taratibu, kama mtu aliyetoka kazini.

"Mama! Hayo maboksi mengine yamefika lini?"

Mama akaliachia pazia. Akanitazama, akamtazama Baba, akanitazama tena, kisha sauti yake yote ya saluni ikarudi, mtaa mzima ukasikia:

"Yamefika ukiwa umelala, na nimeyahesabu mwenyewe, yote yapo. Na hii nayo ukiipukuchua, utahamia bandani ukalale na kuku!"